Mkato na Nukta: Daftari la Nyarugusu Liingiapo Katika Kompyuta

Pamoja na nyundo, sururu na mzani, machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu katika Mkoa wa Geita yana chombo kingine ambacho mgeni hakitilii maanani, nacho ni daftari. Penye karasha huandikwa viroba vya mawe vilivyosagwa na jina la aliyevileta. Penye duara huandikwa mgawo baina ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Kwa mnunuzi huandikwa tarehe, uzito kwa gramu, na shilingi zilizolipwa. Kurasa zimepigwa mistari kwa rula, na kila safu ina kichwa chake juu. Ugomvi unapozuka, daftari ndilo linaloitwa kutoa ushahidi.

Siku hizi daftari hilo halibaki daftari tu. Februari 2019 Bunge liliwafutia wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na mwezi uliofuata soko la dhahabu likafunguliwa mjini Geita. Tangu hapo mauzo ambayo zamani yalimalizikia gizani yamezidi kuacha nyayo katika maandishi rasmi, na maandishi rasmi ya zama hizi huishia katika kompyuta. Zahanati nayo hupeleka hesabu ya wagonjwa. Shule hupeleka orodha ya watahiniwa. Njia iliyozoeleka ya kusafirisha orodha kama hizo kutoka mashine moja hadi nyingine ni faili la maandishi matupu, ambamo kila mstari ni kumbukumbu moja na kila thamani imetengwa na jirani yake kwa mkato. Faili la namna hiyo hujulikana kwa herufi tatu, CSV, ambazo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya thamani zilizotengwa kwa mkato.

Imekuwa desturi, hata miongoni mwa watu waliosoma sana, kuliona faili hilo kuwa jambo dogo lisilostahili somo. Husemwa kwamba kulikata penye mikato ni kazi ya mstari mmoja wa programu, na kwamba akili ya mwanafunzi itunzwe kwa mambo makubwa zaidi. Hoja ya makala haya ni kinyume cha desturi hiyo. Pale hasa ambapo mstari wa maandishi unageuzwa kuwa kitu chenye maana ndani ya kompyuta, ndipo gramu za mtu zinapozidi au kupungua bila mwizi kuonekana, ndipo raia wawili wanapofanywa mmoja, na ndipo kijiji kinapohamishiwa nchi jirani. Somo hilo lafaa lianze katika shule za sekondari, wala halihitaji chumba kilichojaa mashine.

Mkato una kazi mbili

Faili la mikato ni la kale kuliko kompyuta ndogo za mezani. Mnamo mwaka 1972 kitafsiri cha lugha ya Fortran cha kampuni ya IBM kilikuwa tayari kinaweza kusoma thamani zilizotengwa kwa mikato. Kabla ya hapo taarifa zilitobolewa katika kadi za safu 80, na kila thamani ilipewa nafasi yake isiyobadilika: kosa la kusogeza tundu moja tu likaharibu kadi nzima. Mkato uliwakomboa watu na utumwa wa kuhesabu nafasi. (Tanzania, iliyofunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, marufuku ambayo baadaye iliondolewa, kwa hiyo wasomi wengi wa nchi hii walikutana na mkato bila kupata kuiona kadi.)

Lakini ukombozi huo ulikuja na deni. Mkato ni alama ya lugha kabla ya kuwa alama ya mashine. Mwandishi wa kumbukumbu akiandika mahali kuwa "Nyarugusu, Geita", mkato huo hautengi safu. Ni sehemu ya anwani. Programu inayokata kila inapokutana na mkato itaona safu mbili mahali palipokuwa na moja, na thamani zote zinazofuata zitasogea hatua moja kuelekea kulia: uzito utaingia katika safu ya tarehe, fedha zitaingia katika safu ya uzito. Mara nyingi programu haitalalamika. Namba ni namba.

Dawa iliyokubaliwa ni kuizungushia thamani ya aina hiyo alama za mtajo, na ikiwa alama ya mtajo yenyewe imo ndani ya thamani, kuiandika mara mbili. Kanuni hizo ziliandikwa rasmi Oktoba 2005 katika waraka wa mtandao wa kimataifa uliopewa namba 4180, na hata hapo waraka ulikuwa maelezo ya desturi iliyopo wala haukuwa amri kwa mtu yeyote. Kwa takriban miaka thelathini kabla yake kila mtengenezaji alifuata njia yake, na hadi leo wapo wanaotumia nukta mkato, au kichupo, au mstari wima. La kushangaza ni kwamba orodha ya herufi za kompyuta iitwayo ASCII ina alama nne zilizotengwa mahsusi kwa kazi ya kutenga mafaili, makundi, kumbukumbu na vipengele. Alama hizo, namba 28 hadi 31, hazionekani katika kibodi, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna mwanadamu ambaye angeziandika kwa bahati mbaya ndani ya anwani. Zingemaliza tatizo lote. Watu walipendelea alama wanayoiona kwa macho, na haifai kuwalaumu: faili ambalo karani anaweza kulifungua na kulisoma mwenyewe lina heshima yake.

Kusoma faili la mikato kwa usahihi si kukata, bali ni kutembea. Programu hupita juu ya maandishi herufi kwa herufi, ikikumbuka jambo moja: je, sasa imo ndani ya alama za mtajo au nje? Ikiwa nje, mkato hufunga thamani na mwisho wa mstari hufunga kumbukumbu. Ikiwa ndani, mkato ni herufi kama herufi nyingine, na hata mwisho wa mstari ni herufi tu, maana thamani moja yaweza kuwa na aya mbili. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya kazi hiyo kwa kidole chake juu ya karatasi, akitamka "nje, nje, ndani, ndani, nje". Atakapoifanya mara tano ataelewa kwa nini programu ya mstari mmoja haitoshi.

Ndani ya Mkoa wa Geita kwenyewe upo mtego mwingine, nao ni jina la Wilaya ya Nyang'hwale. Zipo programu ambazo huchukua alama ya ritifaa kuwa ni alama ya kufungua mtajo. Katika lugha ya R, inayotumiwa sana na wanatakwimu, amri ya kusoma majedwali iitwayo read.table hufanya hivyo isipoambiwa vinginevyo. Programu ya namna hiyo ikifika katikati ya Nyang'hwale hujiona imeingia ndani ya mtajo, nayo huendelea kumeza mikato, mistari na kumbukumbu za watu wengine mpaka itakapokutana na ritifaa ya pili, ambayo huenda iko mistari mia moja mbele, katika Nyang'hwale nyingine. Na hata programu isiyo na kosa hilo inaweza kupotea, kwa kuwa ritifaa iliyonyooka ni herufi namba 39 na ritifaa iliyopinda, ambayo baadhi ya mashine huiweka zenyewe, ni herufi namba 8217. Kwa jicho la mtu ni wilaya moja. Kwa kompyuta ni wilaya mbili, na kila moja ina nusu ya wachimbaji.

Maktaba na kiolezo

Kwa kuwa matatizo haya ni ya watu wote, watungaji wa programu wameyatatua kwa pamoja katika kile kinachoitwa maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa amri zilizokwisha kujaribiwa ambazo mtungaji mwingine huziazima badala ya kuziandika upya. Lugha ya Python ilipewa maktaba yake ya CSV katika toleo la 2.3 la mwaka 2003. Lugha ya Java ina kadhaa, na mojawapo inayojulikana sana ni opencsv. Zote mbili hutolewa bure pamoja na maandishi yake ya asili, hata mwanafunzi anaweza kuyafungua akaona jinsi matembezi yale ya "ndani" na "nje" yalivyoandikwa.

Maktaba nzuri haikomi kwenye kutenga thamani. Hatua ya pili, ambayo ndiyo kiini cha mjadala huu, ni kuugeuza mstari kuwa kitu. Mtungaji hueleza kwanza kiolezo. Tuseme kiolezo hicho kinaitwa Mauzo, nacho kina tarehe, uzito ambao ni namba yenye desimali, malipo ambayo ni shilingi kamili, na namba ya muuzaji ambayo ni maandishi. Maktaba husoma vichwa vya safu katika mstari wa kwanza, huvilinganisha na majina yaliyomo katika kiolezo, kisha kwa kila mstari unaofuata huunda kitu kimoja cha aina ya Mauzo chenye thamani zake mahali pake. Tangu hapo programu haishughuliki tena na safu ya tatu au ya nne. Huuliza uzito wa mauzo haya, ikajibiwa. Hata safu zikipangwa upya, hesabu haiharibiki, kwa sababu jina la safu ndilo linalofuatwa, si nafasi yake. Asiyepata kuona hesabu za mwezi mzima zikivurugika kwa sababu karani mmoja aliongeza safu ya "maelezo" katikati ya jedwali hawezi kuuthamini sana urahisi huo.

Hapa ndipo penye uamuzi ambao maktaba haiwezi kuufanya kwa niaba ya mtu. Maandishi "12,5" ni kitu gani? Kwa mtu wa Nyarugusu mkato hutenga maelfu, na nukta hutenga desimali. Kwa aliyesoma Bukavu au Bujumbura, kufuatana na mapokeo ya Kifaransa, mkato ndio unaotenga desimali. Dhahabu ya ukanda huu imevuka mipaka tangu zamani, na karatasi zake huvuka pamoja nayo. Java ikiagizwa kuisoma "12,5" kwa desturi ya Marekani hujibu 125, bila onyo lolote: gramu kumi na mbili na nusu zimekuwa gramu mia moja ishirini na tano. Ikiagizwa kuisoma "12.5" kwa desturi ya Ufaransa husimama penye nukta na kujibu 12, nusu gramu imeyeyuka. Wala haitoshi kuiambia mashine kwamba waraka ni wa Kiswahili. Katika kanzi ya kimataifa ya desturi za lugha inayotumiwa na kompyuta nyingi, Kiswahili cha Tanzania kina nukta ya desimali na Kiswahili cha Kongo kina mkato wa desimali. Lugha ni moja, mizani ni miwili.

Mrabaha wa dhahabu ulipandishwa mwaka 2017 kutoka asilimia 4 hadi 6, na mabishano yake yalikuwa makali, kama ilivyostahili. Mkato uliosomwa vibaya huzidisha mara kumi, lakini haujadiliwi popote.

Kompyuta inayokisia

Adui mkubwa zaidi wa faili la mikato ni programu za majedwali, zile zinazofungua faili kwa kubofya mara mbili. Programu hizo zina tabia ya kukisia. Zikiona tarakimu, hudhani ni namba ya hesabu. Zikiona kitu kinachofanana na tarehe, hukifanya tarehe. Namba ya simu ya Tanzania huanza na sifuri. Ikifunguliwa humo, sifuri huanguka, kwa kuwa katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Hilo ni kosa linaloonekana na kurekebishika. Lisiloonekana ni namba ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20 zinazoanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Programu ya majedwali iliyo maarufu kuliko zote hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote, na zilizobaki huzigeuza sifuri. Namba ya kitambulisho ikiandikwa bila vistari, tarakimu tano za mwisho hupotea, na watu wote wanaofanana katika zile kumi na tano za mwanzo hugeuka mtu mmoja. Faili likihifadhiwa hapo, asili haipo tena. Mchimbaji aliyeuza dhahabu yake kwa haki huonekana hakuuza, na mwenzake huonekana ameuza mara mbili.

Msomaji asidhani kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini. Mwaka 2020 Uingereza, katikati ya janga la korona, matokeo ya vipimo yaliyotoka maabara kwa mafaili ya CSV yaliingizwa katika jedwali la mtindo wa kale lisiloweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje kimyakimya. Wagonjwa 15,841 waliopimwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia katika hesabu za kila siku, na kuwatafuta waliokutana nao kukachelewa. Mwaka huo huo kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu iliamua kuyabadili majina kadhaa, kama vile MARCH1 na SEPT1, kwa kuwa programu za majedwali zilikuwa zikiyageuza kuwa tarehe za Machi na Septemba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuwa umekuta makosa ya namna hiyo katika takriban moja ya tano ya makala za jenetiki zilizoambatishwa na orodha za majedwali. Sayansi imelazimika kuyabadilisha majina yake ili yaipendeze programu. Inasikitisha, tena inachekesha kidogo.

Kwa sababu hiyo maktaba ya Python inastahili sifa kwa jambo ambalo wanaoanza huliona kuwa upungufu: haikisii lolote. Kila thamani hurudishwa kama maandishi, na mtungaji ndiye anayesema ipi ni namba na ipi si namba. Kanuni ya kufundishwa yafaa iwe rahisi. Kitu ambacho hakijumlishwi wala hakizidishwi si namba, hata kikiandikwa kwa tarakimu tupu. Simu, leseni, kitambulisho na namba ya mtahiniwa ni majina. Na fedha na uzito, ambavyo ni namba kweli, visitunzwe kwa aina ya desimali inayokadiria, ambayo ikijumlisha 0.1 na 0.2 hujibu 0.30000000000000004; Java na Python zote zina aina ya desimali kamili kwa kazi hiyo.

Wapo watakaopinga kwamba ukali wa namna hii utawaumiza wanyonge. Maktaba kali, watasema, itaukataa mstari wa karani wa machimboni aliyeandika tarehe kwa mtindo wake, na aliye mbali na mji ndiye atakayekosa haki. Pingamizi hilo ni la haki na halijibiwi kwa kejeli. Programu nyingi kali hukutana na mstari mmoja mbovu zikasimama, na kazi ya siku nzima ikalala. Nyingine, kwa kuogopa kusimama, huutupa mstari mbovu bila kusema. Zote mbili ni mbaya, na ya pili ni mbaya zaidi. Ipo njia ya tatu, nayo imo katika opencsv kwa anayetaka kuitumia: maktaba huagizwa isisimame, bali ikusanye kila mstari ulioshindikana kando, pamoja na namba ya mstari huo katika faili na sababu ya kushindwa. Mistari mizuri huendelea na safari. Mibovu hurudishwa kwa mtu anayeweza kufungua daftari la asili, kuuliza, na kusahihisha. Huo si ukali dhidi ya mnyonge. Mnyonge huumizwa na mashine inayomnyamazia, si ile inayomtaja kwa namba ya mstari na kumwita.

Maktaba haijui Nyarugusu iko wapi

Hata hivyo maktaba iliyo bora hujua mikato; haijui dunia. Nyarugusu ya machimbo iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 3 hivi na mashariki kwa nyuzi 32 hivi, na kwa kuwa iko kusini, latitudo yake huandikwa kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ikipotea katika kunakili, maktaba itaipokea 3 kwa furaha ile ile iliyoipokea kutoa 3, na machimbo yatahamia kaskazini mwa Uganda, jirani na Gulu. Safu mbili zikibadilishana vichwa, yatahamia kwenye mpaka wa Morocco na Algeria. Kinga yake ni kiolezo chenyewe kupewa mipaka: latitudo ya mahali popote Tanzania Bara ni kati ya kutoa 12 na sifuri, na kitu chochote kinachodai vinginevyo kitengwe kando.

Jina nalo halitoshi. Iko Nyarugusu nyingine katika Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma, penye kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo na ambayo tangu mwaka 2015 ilipokea pia maelfu ya Warundi. Katika mafaili ya dunia jina la Nyarugusu hutajwa mara nyingi zaidi kwa ajili ya kambi kuliko kwa ajili ya dhahabu. Mtu akiunganisha orodha mbili kwa jina tu, dawa zilizokusudiwa kambi zaweza kuhesabiwa machimboni. Na hata akiongeza jina la mkoa, hajamaliza: Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012, na faili lolote la kabla ya hapo litaiweka Nyarugusu hii katika Mkoa wa Mwanza, kama litakavyoiweka Bukombe katika Shinyanga na Chato katika Kagera. Faili halikosei. Lilikuwa kweli siku lilipoandikwa. Kwa hiyo kitu kinachoundwa kutokana na mstari kinahitaji msimbo wa mahali usiobadilika, na mkoa uhesabiwe kutokana na msimbo na mwaka, si kunakiliwa tu. Hilo ni wazo la jiografia na historia kabla ya kuwa wazo la kompyuta, na walimu wa masomo hayo wana la kuchangia kuliko wanavyodhaniwa.

Zoezi lenyewe halihitaji umeme. Mwalimu achukue ukurasa mmoja wa daftari lolote la kweli: la duka la shule, la mahudhurio, au la karasha ikiwa mwenye nalo ataridhia na majina yakafichwa. Kundi moja la wanafunzi liuandike ukurasa huo kwa mistari na mikato katika karatasi. Kundi la pili, ambalo halijauona ukurasa wa asili, lipokee karatasi hiyo na kujaribu kuurudisha ukurasa kama ulivyokuwa. Kisha kurasa mbili zilinganishwe safu kwa safu. Kila mahali zinapotofautiana pana kanuni ambayo kundi la kwanza lilisahau kuiandika, na kanuni hizo zikikusanywa ndizo kiolezo. Baada ya hapo, ikiwa kompyuta ipo, kuiandika programu kwa msaada wa maktaba ni kazi ya vipindi viwili.

Katika zoezi hilo makundi hubishana zaidi juu ya kisanduku kitupu kuliko juu ya jambo jingine, na ubishi huo uachwe uendelee. Katika madaftari mengi karani huchora kistari mahali pasipo na kitu. Kistari hicho chaweza kuwa na maana kwamba siku hiyo karasha lilisimama kwa kukosa dizeli, au kwamba lilifanya kazi lakini hakuna kiroba kilicholetwa, au kwamba karani alikuwa msibani na hakuna ajuaye kilichotokea. Katika faili vyote vitatu huwa mikato miwili iliyofuatana, isiyo na kitu kati yake. Maktaba zisizo makini hugeuza utupu huo kuwa sifuri, na wastani wa mwezi hushuka. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya uliotungwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Wizara ya Afya ya Tanzania, una kwa kila kipengele cha taarifa mahali pa kuamua kama sifuri itunzwe au isitunzwe. Anayeupanga mfumo hulazimika kuamua mapema kama zahanati isiyoripoti mgonjwa wa malaria ni zahanati isiyo na malaria au ni zahanati isiyoripoti. Wanafunzi waulizwe kistari cha daftari lao kilikuwa cha aina gani kati ya zile tatu. Ikiwa hawajui, warudi kwa karani wakamwulize, kabla hajasahau.